KILA HILA ANGANI INA BEI YAKE
Somo kuhusu ndege za kivita na damu ya rubani

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Kama ilivyo ada ya jarida letu, nimepewa kurasa hizi ili nifunze kwa Kiswahili jambo ambalo tumezoea kulisikia kwa Kiingereza tu. Nimechagua ndege za kivita na zile hila zao za kupinduka angani. Tafadhali usicheke. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha ucheke ukipenda.

Sisi tunaosoma hapa Nanyuki hatuhitaji kuambiwa ndege ya kivita ni kitu gani. Kambi ya Jeshi la Wanahewa ya Laikipia ni jirani yetu, na ndege za F-5, ambazo Kenya ilianza kuzipata mwaka wa 1978, zimetukatizia masomo si mara moja. Mwalimu huinua chaki, hunyamaza, mabati hutetemeka, halafu huendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Wenzangu huziba masikio. Mimi hutoa kichwa dirishani. Ndiyo sababu tangu kidato cha kwanza wananiita "Rubani".

Basi Jumatatu moja ya muhula wa pili tulikuwa gwarideni. Bendera ilipandishwa, wimbo ukaimbwa, matangazo yakafuatana kama mabehewa ya gari la moshi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetembea kilomita nne bila kutia hata chai kinywani. Nilisimama wima kama mlingoti, magoti nimeyakaza, maana rubani hasimami ovyo. Ghafla rangi zikaanza kunitoroka. Sweta za wenzangu, ambazo ni za kijani, zikawa kijivu. Kisha nikawa naona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Kisha giza totoro.

Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa chini ya mti, miguu imeinuliwa juu ya mkoba, na kidato cha kwanza kizima kinanikodolea macho. Kufikia saa nne, wakati wa chai, jina langu lilikuwa limeongezwa mkia: "Rubani Aliyeanguka".

Nilicheka pamoja nao, lakini kusema ukweli, moyoni niliumia. Nilijiuliza: kama mtu anaanguka akiwa amesimama ardhini, atawezaje kukaa ndani ya ndege inayopinduka? Je, ndoto yangu ilikuwa imekufa pale gwarideni?

Wiki hiyohiyo nikabishana na mwenzangu wa dawati. Alikuwa ameona katika simu ya kaka yake ndege ya Kirusi ikiinua pua na kusimama hewani kama swila aliyekasirika. Yeye akasema ndege ile inasimama kabisa na kurudi nyuma, na kwamba ndege ya namna hiyo haiwezi kushindwa vitani. Mimi nikasema huo ni uongo, ndege isiyo na mwendo huanguka. Tukawekeana dau la KDF mbili. (KDF ya kuliwa, msomaji, ile ya kioski, wala si ile inayolinda mipaka.)

Ili nishinde dau, nilikwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia, nikapekua vitabu, halafu Jumamosi nikamtembelea mzee mmoja jirani yetu aliyestaafu kazi ya ufundi wa ndege.

"Mzee," nikamuuliza, "ndege inaweza kufanya nini angani?"

Akaweka kikombe chini. "Binti yangu, uliza inalipa nini. Angani hakuna cha bure. Ukitaka kupinda, lipa. Na rubani ana mifuko mitatu tu ya kulipia: mwendo, kimo, na damu yake mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo somo langu zima. Yaliyobaki ni maelezo.

1. BAWA NA UPEPO

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndege huelea kwa sababu ya mabawa yake na mwendo wake. Ukiwa ndani ya matatu, toa kiganja chako dirishani kidogo (utingo asikuone). Kikiwa bapa, upepo hupita tu. Ukiinua upande wa mbele kidogo, mkono unapanda wenyewe. Ukiinua zaidi, unapanda zaidi. Lakini ukisimamisha kiganja wima, hakipandi tena. Kinasukumwa nyuma tu.

Bawa la ndege liko hivyohivyo. Ile pembe kati ya bawa na upepo unaolijia ikiongezeka, nguvu ya kuinua huongezeka pia. Lakini kuna mpaka. Kwa bawa la kawaida mpaka huo ni kama digrii 15. Ukiupita, hewa haishikamani tena na mgongo wa bawa, inachafuka na kuzunguka ovyo kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Nguvu ya kuinua hupungua ghafla na ndege huanza kuporomoka. Marubani husema bawa "limekufa". Dawa yake ni kushusha pua ili mwendo urudi, na ukishusha pua umelipa kutoka mfuko wa pili, yaani kimo.

Tangu zamani watu wamekuwa wakiujaribu mpaka huo. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1913, rubani wa jeshi la Urusi aliyeitwa Pyotr Nesterov aliizungusha ndege yake duara kamili la kusimama, kichwa chini miguu juu, katika anga ya mji wa Kyiv. Alikuwa wa kwanza duniani. Wakubwa wake walimfunga siku 10 kwa kuhatarisha mali ya serikali! Baadaye walibadili nia wakampandisha cheo. Mwaka uliofuata, 1914, alikufa vitani alipoigonga ndege ya adui kwa ndege yake. Kwa hiyo hila hizi zilikuwa na bei tangu siku ya kwanza.

2. KUPINDA NI KULIPA

Watu wengi hudhani sifa kubwa ya ndege ya kivita ni kukimbia. Kukimbia ni sehemu moja tu. Anayemfukuza mwenzake angani hutaka kupinda katika duara dogo kumshinda, ili pua yake imwelekee yule wa mbele. Hapa tunahitaji hesabu kidogo. Mwendo wa duara tutafundishwa kidato cha nne, lakini hesabu yenyewe si ngumu: chukua kasi, izidishe kwa kasi hiyohiyo, kisha gawanya kwa nguvu ya kupinda. Jibu ni nusu ya upana wa duara.

Tuseme ndege inakwenda mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa. Inapinda kwa nguvu iliyo mara 9 ya ile inayotuvuta sisi ardhini, ambayo ni kama mita 90 kwa sekunde kwa sekunde. 200 mara 200 ni 40,000. Gawanya kwa 90, unapata kama mita 444. Nusu duara itamchukua sekunde 7 hivi. Fikiria! Ungeanza kusema "Shikamoo, mwalimu, hujambo na watoto?" na kabla hajamaliza kuitikia, ndege imekwisha kugeuka inakotoka.

Sasa ongeza kasi maradufu, mita 400 kwa sekunde. Duara haliwi maradufu, linakuwa mara nne: kama mita 1,778. Mwenye haraka nyingi hapindi vizuri, na hapo ndipo ule msemo wa haraka haraka haina baraka unapothibitishwa na fizikia.

Mzigo huo wa kupinda hupimwa kwa herufi G. G 1 ni uzito wako wa kawaida ukiwa umesimama hapo ulipo. G 9 ni uzito wako mara tisa. F-5 iliundwa kustahimili G 7 na kitu. F-16 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1974, iliundwa kwa G 9, na ndege nyingi mpya zimekomea hapohapo. Mbona zimekomea hapo, na chuma kinaweza kutengenezwa chenye nguvu zaidi? Kwa sababu ya aliyeketi ndani.

3. DAMU YA RUBANI

Mimi nina kilo 48. Kwa G 9 ningekuwa na kilo 432, yaani uzito wa fahali. Kichwa na helmeti pamoja ni kama kilo 7. Kwa G 9 ni kilo 63, zaidi ya gunia la viazi la kilo 50, na gunia hilo limekalia shingo. Lakini shingo si tatizo kubwa. Tatizo ni damu.

Hebu tukumbuke somo la shinikizo la viowevu tulilofundishwa kidato cha kwanza: zidisha kimo, densiti na nguvu ya mvutano. Kutoka moyoni hadi kwenye ubongo ni kama mita 0.3. Densiti ya damu ni kama 1,060, inazidi ya maji kidogo tu. Mvutano wa dunia ni 10. Ukizidisha unapata karibu paskali 3,200. Hiyo ndiyo kodi ambayo moyo hulipa kila siku ili kuinua damu hadi kichwani.

Moyo wenyewe una mtaji gani? Ukipimwa zahanati ukaambiwa shinikizo lako ni 120, hizo ni milimita za zebaki, sawa na paskali 16,000. Sasa gawanya 16,000 kwa 3,200. Jibu ni 5.

Msomaji, nilipopata jibu hilo niliruka kitini! Maana yake ni kwamba kwa G 5 moyo umelipa kila ilicho nacho kwa kuinua damu tu, na hakuna kinachobaki cha kuisukuma ndani ya ubongo. Na kweli, mtu asiyefunzwa wala kuvaa vazi maalumu huzimia karibu na hapo. Kwa G 9 kodi ni paskali 28,800, ambazo moyo hauna kabisa.

Damu ikipungua kichwani, macho ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa jicho lina shinikizo lake ndani linaloizuia damu isiingie kwa urahisi. Rubani huona rangi zikigeuka kijivu. Kisha huona mbele tu kama aliye ndani ya bomba. Kisha giza. Kisha fahamu humtoka.

Umekumbuka umesoma wapi maneno hayo? Naam. Gwarideni! Yaliyonipata mimi kwa G 1 ni ndugu wa yale yanayompata rubani kwa G 5. Mtu akisimama muda mrefu bila kutikisika, damu hutuama miguuni, kwa sababu misuli ya miguu ndiyo husaidia kuipandisha, nayo haifanyi kazi. Ongeza jua, ongeza tumbo tupu, basi umeanguka. Na wale walioniinua miguu chini ya mti walifanya jambo la busara, waliirudisha damu yangu nyumbani.

Marubani hufanyaje? Kwanza huvaa suruali yenye mifuko ya hewa inayojaa yenyewe ndege ikipinda, ikabana mapaja na tumbo ili damu isishuke. Pili, hukaza misuli ya miguu, makalio na tumbo kwa nguvu zote, hushika pumzi na kuibadilisha upesi kila baada ya sekunde 3 hivi. Hufundishwa hivyo katika mashine yenye mkono mrefu wa chuma unaowazungusha kama kombeo. Tatu, kiti cha F-16 kimelazwa nyuma digrii 30, ambayo husaidia kidogo kupunguza kile kimo kati ya moyo na kichwa.

Nimegundua pia kwamba mtu mfupi ana nafuu, kwa sababu kimo hicho kwake ni kidogo. Wale mnaoniita "Kibonge" mmesikia? Hata hivyo nisijidanganye, majeshi huweka vipimo vya urefu, maana mikono na miguu sharti ifikie vifaa.

Rubani akizimia hukaa hivyo kama sekunde 10 au zaidi, na akizinduka huwa amechanganyikiwa kwa muda. Kwa mita 200 kwa sekunde, sekunde 12 ni mita 2,400. Kama pua ilikuwa chini, hadithi imekwisha. Wengi wamekufa hivyo. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka wa 2014 F-16 za Marekani zilianza kuwekewa mpango wa kompyuta unaojua umbali wa ardhi. Rubani asipogeuza ndege kwa wakati, kompyuta hunyakua usukani, huilaza ndege sawa na kuipandisha. Mpango huo umekwisha kuokoa marubani waliokuwa wamezimia.

4. SWILA WA PARIS

Sasa turudi kwenye dau langu.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1989, katika maonyesho ya ndege ya Le Bourget karibu na Paris, rubani wa majaribio wa Kisovieti, Viktor Pugachev, alikuja na ndege aina ya Su-27. Alikuwa akienda mlalo kwa kasi ya kama kilomita 400 kwa saa. Ghafla akavuta usukani. Pua ikainuka, ikapita wima, ikaegemea nyuma, digrii zaidi ya 110. Ndege ikawa inasonga mbele tumbo likiwa limetangulia! Baada ya sekunde chache pua ikashuka, ndege ikaendelea na safari yake karibu katika kimo kilekile. Watazamaji walishika vichwa. Tangu siku hiyo hila hiyo inajulikana kwa jina la nyoka: Kobra ya Pugachev. Marubani wa Sweden walikuwa wamefanya kitu cha namna hiyo kwa ndege yao ya Saab Draken miaka ya 1960, lakini ni Paris ndipo dunia ilipofumbuka macho.

Iliwezekanaje na bawa "limekufa"? Kwanza, Su-27 ina kompyuta inayomzuia rubani asipite pembe ya hatari, na Pugachev alilazimika kukizima kizuizi hicho. Pili, injini zake zinaweza kumeza hewa iliyochafuka bila kuzimika. Tatu, umbo la ndege ni kwamba ikiinuka kupita kiasi, upepo unaosukuma tumbo na mkia huirudisha pua chini, kama jogoo wa bati juu ya paa anavyogeuzwa na upepo.

Tena injini hizo zina nguvu. Kila moja husukuma kwa karibu kilonewtoni 123 moto wa ziada ukiwashwa. Mbili ni 246. Ndege ikiwa na tani 23, uzito wake ni kilonewtoni 230. Nguvu inazidi uzito, kwa hiyo inaweza kupanda wima huku ikiongeza mwendo. Linganisha na jirani yetu F-5: injini zake mbili hutoa kama kilonewtoni 44 kwa jumla, na hata ikiwa nyepesi, na tani 7 tu, uzito wake ni 70. Haiwezi kukaa juu ya mkia wake.

Je, ile ndege ya Paris ilirudi nyuma? Hasha, iliendelea kwenda mbele. Je, iliendelea kuruka bila kuanguka ingawa bawa lilikuwa limekufa? Ndiyo. Kwa hiyo mwenzangu alikosa nusu nami nikakosa nusu. Tulinunuliana KDF moja moja.

Lakini tazama bei. Kasi hushuka kutoka 400 hadi chini ya 200. Nishati ya mwendo hufuata kasi zidisha kasi, hivyo kasi ikifika nusu, nishati imebaki robo. Zaidi ya robo tatu ya mtaji umetoka mfukoni kwa sekunde chache.

Na katika maonyesho hayohayo, tarehe 8 Juni 1989, rubani mwingine wa Kisovieti, Anatoly Kvochur, alikuwa akiiendesha MiG-29 polepole, pua juu, karibu na ardhi. Injini moja ikammeza ndege, nazungumzia ndege wa manyoya! Injini ikatoa moto na kupoteza nguvu. Kvochur hakuwa na mwendo wala kimo, mifuko yote miwili ilikuwa mitupu. Ndege ikalala upande na kuchimba chini. Alivuta kiti chake cha kuruka zikiwa zimebaki sekunde mbili au tatu, parachuti likafunguka kwa shida, akaanguka karibu na moto. Alipona. Wengine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 27 Julai 2002, huko Lviv nchini Ukraine, Su-27 iliyokuwa ikionyesha hila katika kimo kidogo iliwaangukia watazamaji. Watu 77 walikufa, wakiwemo watoto. Ukiona watu wanashangilia hila, kumbuka pia wanaosimama chini yake.

5. MIDOMO INAYOGEUKA

Baada ya Kobra, wahandisi walijiuliza: bawa likiwa limekufa, tutaiongozaje ndege? Usukani wa kawaida hutegemea upepo, na upepo haupo. Jibu lao lilikuwa kugeuza moto wa injini wenyewe. Ukishika mpira wa maji bustanini ukaupinda mdomo wake, maji hubadili njia na mpira husukuma mkono wako upande wa pili. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, wala hakuna uchawi.

Marekani na Ujerumani ziliunda ndege ya majaribio X-31, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1990. Nyuma ya injini ilikuwa na makasia matatu ya kupindisha moto. Iliweza kuongozwa sawasawa ikiwa na pembe ya digrii 70, na tarehe 29 Aprili 1993 iligeuka nyuzi zote za nusu duara, digrii 180, katika nafasi ndogo ajabu huku bawa likiwa limekufa. Mwaka wa 1996, rubani Yevgeny Frolov aliionyesha Su-37 huko Farnborough, Uingereza, ikipinduka sarakasi nzima karibu palepale ilipo. Na F-22 ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka wa 2005, ina midomo ya injini inayogeuka digrii 20 juu na chini.

6. JE, HILA HIZI HUSHINDA VITA?

Hapa ndipo mwenzangu wa dawati alipokosea zaidi. Anayefanya Kobra mbele ya adui anaweza kumfanya adui ampite, hilo ni kweli. Lakini akikosa, au adui akiwa na mwenzake, anabaki ananing'inia hewani bila mwendo kama nguo kwenye kamba. Mwendo na kimo ndio akiba ya rubani, na anayetumia akiba yote kwa karamu moja atalala njaa.

Tena siku hizi makombora ya rada hurushwa kutoka mbali hata adui haonekani kwa macho, na yale ya karibu yanaweza kuelekezwa kwa helmeti: rubani akitazama upande, kombora hufuata upande huo. Ndiyo maana F-35A haikupewa midomo inayogeuka. Waundaji wake walitilia mkazo kujificha kwenye rada na kuona mbali. Hata hivyo, elimu ya hila haikupotea bure. Kujua ndege inavyojiendesha bawa likifa kumewasaidia wahandisi kuunda kompyuta zinazomzuia rubani asife kwa kosa moja.

HITIMISHO

Nilirudi kwa mzee kumwonyesha hesabu zangu za damu. Alivaa miwani, akazisoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa.

"Sasa niambie, mzee," nikamwuliza, "mtu aliyeanguka gwarideni anaweza kuwa rubani?"

"Daktari wa jeshi ndiye atakayesema, binti, si mimi. Lakini kuanguka kwa njaa na kusimama kama mti si ugonjwa. Ungeanguka ukiwa umekunywa uji na umekaa, hapo ningeogopa."

Sijui kama nitaruka. Nilikwenda zahanati nikapimwa, shinikizo langu likaonekana sawa. Mwenye kuanguka mara kwa mara naye aende, asiseme amerogwa. Siku hizi nakunywa uji kabla ya kutoka nyumbani, na gwarideni sikazi magoti. Nakunja na kukunjua vidole ndani ya viatu, nakaza misuli ya miguu, naachilia, nakaza tena. Ukiniona unaweza kudhani nimesimama tu. Kumbe nafanya kazi ya rubani, kwa G 1. Nimewafundisha wasichana wa kidato cha kwanza wanaosimama mstari wa mbele, na tangu hapo katika mstari huo hajaanguka mtu.

Jina la "Rubani Aliyeanguka" bado lipo. Nimeliacha. Hata Kvochur alianguka.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Ndege yenye kasi ya mita 300 kwa sekunde inapinda kwa mita 90 kwa sekunde kwa sekunde. Tafuta nusu ya upana wa duara lake.
2. Twiga ana shingo ndefu kuliko sisi sote. Ukitumia hesabu ya shinikizo, eleza moyo wake unapaswa kuwaje.
3. Taja mifuko mitatu ya rubani. Katika ajali ya tarehe 8 Juni 1989, ni mifuko gani iliyokuwa mitupu?
4. Mwenzako ameanguka gwarideni. Utainua kichwa chake au miguu yake? Toa sababu.

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama. Zawadi hakuna, ila atakayepata yote nitamnunulia KDF moja. Kwaherini ya kuonana.